Kukaza uso kwa mawimbi ya sauti: uliza kina kwanza, jina la mashine baadaye

Ukiuliza bei ya kukaza uso bila kisu, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Dubai, utajibiwa kwa majina: Ultherapy, Sofwave, Ultraformer, "7D", "12D". Bei nazo zinapishana mbali, wakati kwa macho huduma inaonekana ni ileile: unapakwa jeli, kichwa cha mashine kinakandamizwa shavuni, unasikia kama sindano za moto, unaondoka. Tofauti iko ndani ya uso. Kila mashine inapeleka joto kwenye tabaka lake, na kama shida yako haipo kwenye tabaka hilo, umelipia maumivu tu.

Kwa nje, uso uliochoka ni uso uliochoka. Kwa ndani kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni ngozi yenyewe kupungukiwa na kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara: inakuwa nyembamba, inakunjamana kama karatasi chini ya macho na pembeni mwa mdomo, vinyweleo vinapanuka. La pili ni kinachoibeba ngozi kulegea. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu uliofunika misuli ya uso, ambao madaktari huuita SMAS. Huo ndio utando ambao daktari wa upasuaji huukaza akikata uso. Ukilegea, shavu linateremka, mstari wa taya unapotea, na kunatokea vile vifuko viwili pembeni mwa kidevu.

Jipime mwenyewe kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Kaa wima mbele ya kioo, weka vidole viwili mbele ya sikio, vuta ngozi kidogo tu kurudi nyuma na juu, kama sentimita moja. Taya ikirudi kuonekana kwa mvuto huo mdogo, uko kwenye kundi linalofaidika. Ukihitaji kuvuta sana ndipo uone tofauti, mawimbi ya sauti hayatakufikisha huko, na anayekuahidi anakudanganya. Hapo mazungumzo ni ya upasuaji. Kisha bana nyama ya chini ya kidevu. Ukishika donge nene laini, hayo ni mafuta. Ukishika ngozi tupu inayovutika, huo ni ulegevu. Watu wengi hulipia kukazwa wakati wanachohitaji ni kupunguzwa mafuta.

Sasa kina chenyewe. Mashine za kundi la HIFU, yaani zinazotumia mawimbi ya sauti yenye nguvu yaliyokusanywa, hukusanya mawimbi yakutane kwenye nukta moja chini ya ngozi, huku ngozi ya juu ikipitwa bila kuungua. Pale yanapokutana, joto hupanda hadi nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi na kuacha nukta iliyoiva yenye ukubwa wa karibu milimita moja. Kwa joto hilo kolajeni hujikunja kama nyama inavyosinyaa kwenye sufuria. Huo ndio mkazo mdogo unaouona siku hiyohiyo, na sehemu ya mkazo huo ni uvimbe tu. Kazi ya kweli huja baadaye: mwili unaiona kila nukta kuwa ni jeraha dogo, unalitengeneza, na kolajeni mpya inajengeka kwa miezi miwili hadi mitatu, wakati mwingine hadi sita. Kwa hiyo picha ya "kabla na baada" iliyopigwa saa moja baada ya huduma haikuambii kitu.

Kina kinapangwa na kichwa kinachobandikwa kwenye mkono wa mashine, yaani katriji. Vina vitatu ndivyo vinavyotumika sana usoni. Milimita 4.5 ndiyo inayolenga SMAS. Milimita 3.0 inafika sehemu ya chini ya ngozi na mwanzo wa mafuta. Milimita 1.5 inabaki ndani ya ngozi, kwa mikunjo midogo. Kadiri mawimbi yanavyotetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde (kipimo chake ni megahezi) ndivyo yanavyoishia juu, ndiyo maana kwenye Ultherapy kichwa cha 1.5 ni cha megahezi 10, cha 3.0 ni megahezi 7, na cha 4.5 ni megahezi 4. Ukiambiwa "tunatumia katriji moja kwa uso mzima", ondoka. Paji la uso halina unene wa shavu, na ngozi ya kope haifiki hata milimita moja.

Ultherapy

Ilitoka Arizona, Marekani, na leo iko chini ya kampuni ya Merz. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, 2012 kwa shingo na chini ya kidevu, na 2014 kwa mikunjo ya kifuani. Kinachoitofautisha na wenzake ni picha. Kichwa kilekile kinachopiga ndicho kinachoonyesha, kama ile ultrasaundi ya wajawazito, na mtaalamu anaona kwenye skrini ngozi, mafuta, utando na mfupa kabla hajabonyeza. Mfupa huonekana kama mstari mweupe mkali. Kichwa kikiwa hakijagusa ngozi vizuri, kunatokea michirizi myeusi ya wima kwenye picha, na hapo hapigwi mtu mpaka jeli na mkandamizo virekebishwe.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Milimita 4.5 ni wastani wa vitabuni. Kwa mtu mwembamba, kina hicho hicho kinaweza kuangukia kwenye mfupa, na kwa mtu mnene kinaishia katikati ya mafuta. Bila picha, mtaalamu anakisia. Hasara za Ultherapy ni mbili, bei na maumivu. Inauma hasa kwenye taya na paji la uso, ambako mawimbi yanarudishwa na mfupa. Uso mzima pamoja na shingo huchukua karibu mistari 800 au zaidi, kila mstari ukiwa na urefu wa milimita 25 na nukta zilizoachana kwa milimita moja na ushee. Ukiuziwa "Ultherapy ya uso mzima" yenye mistari 200, umeuziwa jina.

HIFU za Korea, na zile za "D"

Ultraformer III ya kampuni ya Classys, ambayo nyumbani kwao Korea inaitwa Shurink, ndiyo maarufu zaidi katika kundi hili. Ina katriji za 1.5, 2.0, 3.0 na 4.5 za usoni, na za 6.0, 9.0 na 13 za mwilini. Inapiga haraka, maumivu yanavumilika zaidi, na bei yake iko chini ya Ultherapy. Kliniki za Korea huiuza kwa hesabu ya shoti, yaani idadi ya mara mashine inavyopiga, 100 au 300 kwa mfano, nami naona hiyo ndiyo njia ya haki ya kuuza huduma hii popote. Haikupi ile picha ya ndani, kwa hiyo unalipia ujuzi wa mkono. Mikononi mwa daktari anayejua anatomia ya uso, ni chaguo zuri kwa mtu ambaye ulegevu wake ndio kwanza unaanza.

Zile za "7D", "9D" na "12D" ni habari nyingine. Hakuna kipimo cha kitaalamu kinachoitwa 7D. Ni majina ya katalogi za wauzaji, na mtengenezaji wa mashine moja huiita atakavyo. Tatizo lake si kwamba haina nguvu. Wakati mwingine inazo, ila hakuna aliyepima kama nukta ya joto inaangukia pale ilipoandikwa. Katriji iliyoandikwa 4.5 inaweza kuchoma kwenye 3. Katriji pia huchoka: huja na idadi ya shoti, mara nyingi 10,000 au 20,000, na kuna mafundi wanaorudisha hesabu nyuma ili iendelee kutumika. Mashine inahesabu, inalia, mteja anaamini, na ndani yake joto limeshapungua.

Kuna ukaguzi mmoja unaoweza kuufanya mwenyewe. Ndani ya katriji kuna maji. Omba uione ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, dirisha lake likiwa juu. Ukiona kiputo cha hewa kinatembea, mawimbi hayatapita sawasawa hapo, kwa sababu hewa huyarudisha. Kliniki inayoheshimu kazi yake haitakasirika kuombwa hivyo.

Sofwave

Hii ni ya Israel, na watu huichanganya na HIFU wakati inafanya kazi kwa namna yake. Haikusanyi mawimbi kwenye nukta. Kichwa chake kina vitoa mawimbi 7 vinavyorusha miale sambamba, na joto linajaa kwenye milimita 1.5, katikati ya ngozi, huku uso wa ngozi ukipozwa muda wote. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa mikunjo, na 2021 kwa kuinua nyusi na kukaza shingo na chini ya kidevu.

Haishuki kwenye mafuta wala kwenye SMAS. Ukiwa na mashavu yaliyoteremka kwa uzito, usitegemee makubwa. Lakini kwa uso mwembamba, huo ndio uzuri wake. Moja ya mambo yanayoharibika kwenye HIFU za kina, na ambayo wauzaji hawayasemi, ni kuyeyuka kwa mafuta ya usoni. Mtu mwembamba akipigwa 3.0 na 4.5 katikati ya shavu mara nyingi mno, anapata taya kali na mashavu yaliyobonyea, na anaonekana mzee kuliko alivyoingia. Mafuta hayo hayarudi kirahisi. Kwa mtu wa namna hiyo, shida yake ikiwa ni ngozi iliyokunjamana, ningemwelekeza Sofwave au katriji ya 1.5 na kumwambia aiache 4.5 kwa mistari michache ya pembeni ya taya tu, au asiiguse kabisa.

Ngozi nyeusi, na mkorogo

Hapa kuna habari njema kwetu. Leza nyingi hufuata rangi: mwanga unanyonywa na melanini, ndiyo maana leza isiyopangwa vizuri huunguza ngozi nyeusi na kuacha madoa. Sauti haijali rangi. Wimbi halitofautishi ngozi ya Mmakonde na ya Mnorwe, kwa hiyo vifaa hivi vyote vinafaa kwa ngozi zetu kuliko leza nyingi za kukaza.

Hatari inabaki pale joto linapoishia juu badala ya chini, yaani jeli ikiwa pungufu au kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja. Hapo unapata michirizi iliyovimba, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha alama nyeusi za miezi. Ikitokea, daktari anatakiwa aishughulikie siku hiyohiyo, mara nyingi kwa krimu ya steroidi ya muda mfupi, na ujikinge na jua mpaka rangi itulie. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, aseme mapema. Ngozi haikatwi, ni kweli, lakini ikiungua na kupata jeraha la wazi, keloidi inaweza kufuata.

Na mkorogo: sema ukweli kama unautumia. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, na steroidi inayopakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na kupona polepole. Mtaalamu asiyejua atakupigia nguvu ya kawaida kwenye ngozi isiyo ya kawaida. Tena kwa mtu aliyejichubua kwa miaka, ulegevu unaoonekana huenda ni wa ngozi kulika. Huyo aanze kwa daktari wa ngozi amsaidie kuacha taratibu, maana kuziacha ghafla nako kunaweza kuleta muwasho na wekundu mkali. Kukaza kungoje.

Kinachopaswa kutokea chumbani

Huduma sahihi huanza kwa maswali. Ujauzito, kidhibiti mapigo cha moyo, chuma kilichopandikizwa usoni, chunusi zenye usaha, malengelenge ya mdomoni yanayorudiarudia, dawa za kuzuia damu kuganda, sindano za kujaza uso na nyuzi za kuvutia: vyote viulizwe. Kama unapanga pia kujaza mashavu, kukaza kutangulie na kujaza kufuate wiki kadhaa baadaye, kwa sababu joto likipita kwenye kilichojazwa hujui kitabaki kiasi gani.

Halafu picha, ukiwa wima, mbele na pande zote mbili, mwanga uleule. Kisha uso unaoshwa mpaka losheni na poda viishe, na unachorwa kwa penseli nyeupe. Michoro hiyo ndiyo inayokuonyesha kama mtu anajua kazi, kwa sababu anatakiwa achore asikopita, si anakopita tu.

Upande wa taya, kaza meno na uguse ukingo wa mbele wa msuli wa kutafunia, pale unapokutana na mfupa wa taya. Utasikia mapigo ya mshipa wa damu. Jirani na hapo inapita neva inayoshusha pembe ya mdomo, na haina kinga nyingi juu yake. Ikipigwa kwa 4.5 mdomo unaweza kupinda ukicheka, kwa siku au wiki. Neva nyingine inapanda kutoka nusu sentimita chini ya kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio kwenda sentimita moja na nusu juu ya mwisho wa nyusi. Ikiguswa, nyusi inalala. Ya tatu inatoka kwenye tundu la mfupa chini ya jicho, usawa wa mboni, na ikichomwa unapata ganzi ya shavu na mdomo wa juu. Kwa kawaida neva hizi hurudi zenyewe, lakini wiki za kungoja ni ndefu. Shingoni, katikati kwenye tezi ya koo hapapigwi.

Jichoni hakuna mjadala. Mtaalamu hapigi ndani ya ukingo wa mfupa wa jicho, hata kama tangazo linasema "kuinua kope". Kuna watu waliopata mtoto wa jicho baada ya HIFU kupigwa kwenye kope, na huo hauondoki bila upasuaji.

Kisha jeli, ambayo ndiyo siri ndogo ya kazi nzima. Ikiwa haba, hewa inaingia kati na moto unabaki juu. Ikiwa nyingi mno, kichwa kinaelea: tabaka la jeli lenye unene wa milimita moja chini ya katriji ya 3.0 linafanya joto liangukie milimita 2. Jeli nyembamba iliyoenea, kichwa kimekandamizwa sawasawa, hakiinami, mistari imeachana kwa milimita 2 hadi 3 bila kupandana. Mtu anayeteleza haraka huku anaongea na simu hafanyi hivyo. Kwa wenye meno ya kupandikiza au yaliyozibwa kwa chuma, kuwekewa pamba au shashi kati ya mdomo na meno kunapunguza mshtuko.

Maumivu hupunguzwa kwa dawa ya ganzi ya kupaka, inayokaa kama saa moja na kufutwa kabisa, au vidonge kwa ushauri wa daktari. Ganzi ya kupaka husaidia zaidi kwenye 1.5 kuliko 4.5, kwa kuwa haifiki huko chini. Na mtu asizimwe kabisa: ukisikia umeme unakimbilia mdomoni au kwenye jino, useme, na mkono usogezwe.

Wekundu wa saa chache ni wa kawaida. Kuuma ukigusa taya, uvimbe kidogo na ganzi ya hapa na pale vinaweza kukaa siku hadi wiki mbili. Lengelenge, michirizi iliyovimba, mdomo kupinda au jicho kuuma na kuona ukungu si vya kusubiri. Unarudi siku hiyohiyo, na la jicho unakwenda kwa daktari wa macho.

Bei na karatasi

Usilinganishe bei za "uso mzima". Linganisha bei kwa mstari, kwa kina kilichotajwa, kwa mashine iliyotajwa, na uandikiwe: mistari mingapi ya 4.5, mingapi ya 3.0, mingapi ya 1.5, na sehemu gani. Ultherapy kwa kawaida ni mara moja, na matokeo hukaa karibu mwaka hadi mwaka na nusu kutegemea umri, jua na sigara. HIFU nyingine hurudiwa mapema zaidi. Lakini anayekuuzia kifurushi cha kila mwezi kwa miezi sita anakuuzia kuchoma kidonda ambacho hakijamaliza kujengeka, au mashine isiyochoma kitu.

Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu kwa vifaa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, kwa madaktari. Dubai leseni ya kliniki na ya mtoa huduma hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Dubai, na unaweza kuiomba uione. Kwa mashine, omba namba ya mashine na ya katriji, kisha muulize wakala wa kampuni kama anaitambua. Ultherapy bandia zipo, na sanduku lake linafanana na la kweli.

Za kutumia nyumbani zinazouzwa mtandaoni kwa jina la HIFU, ziache. Zenye nguvu ndogo hazifiki kokote, na yenye nguvu ya kufika 4.5 haipaswi kuwa mkononi mwa mtu anayejipiga mbele ya kioo, asiyejua neva yake inapita wapi.